Saa tano mbele: kisa cha kamera katika duka la kanga, Mchangani

Kisa hiki ni cha duka la ami yangu, mdogo wake marehemu baba, anayeuza kanga na vitambaa Mchangani, Mji Mkongwe wa Unguja. Nimemwomba idhini kabla ya kuandika, naye amenipa kwa sharti moja: jina lake na la kijana aliyekuwa akimsaidia dukani yasitajwe. Mimi ni fundi wa umeme na kamera. Kamera za duka hili sikuzifunga mimi. Siku alizokuwa akitafuta fundi nilikuwa kwenye kazi ya hoteli Nungwi, naye alikuwa na haraka, akampata mwingine.

Kwa desturi ami huhesabu mali kila mwezi. Ramadhani hahesabu. Kuanzia kumi la kati wateja hawakatiki, duka hufunguliwa tena baada ya tarawehe hadi saa tano usiku, na majora hushushwa na kupandishwa rafuni mpaka mtu hajui lipi la jana na lipi la leo. Kwa hiyo baada ya hesabu ya mwisho wa Shaabani, hesabu iliyofuata ilifanywa tarehe kumi Mfunguo Mosi, siku arobaini na kitu baadaye. Zikakosekana doti 52 za kanga na majora mawili ya lasi.

Alifungua kamera kwenye simu yake ili arudi nyuma hadi mwanzo wa mwezi wa toba. Mashine inayorekodi picha ikampa siku tano tu. Alipofungiwa aliambiwa kuwa inaweka mwezi mzima, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kurudi nyuma kuhakikisha. Basi akazitazama hizo siku tano, na katika siku mojawapo akaona alichokuwa akikiogopa: kijana anatoka ghalani na furushi begani, na kwenye pembe ya picha imeandikwa 19:40. Saa mbili kasoro dakika ishirini usiku. Duka hufungwa saa kumi na mbili jioni, na anayefunga ni kijana, kwa sababu ami huondoka mapema awahi magharibi mtaani kwake.

Usiku uleule akamwita. Kijana akasema, "Mzee, wakati huo mimi huwa msikitini kwetu, nasali isha. Uliza watu." Ami akamwonesha picha. Kijana akautazama mwili wake mwenyewe ukiwa na furushi begani, akakosa la kujibu. Kesho yake hakuja kazini, maana aliambiwa asije. Alikuwa amekaa pale miaka minne.

"Mwanangu," ami aliniambia kwenye simu siku ya tatu, "njoo unifungie kamera kubwa, zinazoona mpaka kucha za mtu."

Adhana

Mashine ya kurekodia ilikuwa ghalani, juu ya rafu, imefunikwa mabaki ya mifuko ya vitambaa. Skrini yake ilikuwa imezimwa kwa miezi. Niliiwasha, nikaanza kufuata waya zake kwa mkono, na nikiwa bado ukutani msikiti wa jirani ukaadhini adhuhuri. Nikageuka. Skrini imeandika 17:27. Simu yangu inasema 12:27.

Dakika zilezile, saa tano mbele. Saa mbovu haikosei namna hiyo. Mashine ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi nyuma hadi mwaka 2000 au 1970 kila umeme unapokatika, na kosa lake hujitangaza lenyewe. Kosa la saa tano kamili ni kosa la mahali. China yote hutumia ukanda mmoja wa saa, ulio mbele ya Greenwich kwa saa nane. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Mashine nyingi zinazouzwa kwetu zinatoka huko. Hikvision na Dahua, watengenezaji wakubwa wa mashine hizi, zote ni kampuni za mji wa Hangzhou, China. Nilipomuuliza, ami akakumbuka kuwa kabla ya Ramadhani alisahau neno la siri, akaja fundi akaifuta mashine na kuianzisha upya. Ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na saa ya kiwandani ikarudi pamoja nayo. Kwa kuwa iliunganishwa na intaneti, dakika zake zikawa zinajisahihisha zenyewe kila siku, sawasawa kabisa, za mji ulio mbali na Mchangani.

Na sisi tuna jambo letu juu ya hilo. Mswahili akiona 19 kwenye skrini husoma saa moja bila kufikiri. Saa ya mashine kwetu daima ni kitu cha kutafsiriwa. Tumezoea kuona namba hii na kutamka ile. Kwa sababu hiyo saa ikikosea, jicho letu halishtuki upesi kama la mtu anayetamka kile kile anachokiona. Nimekutana na hili katika maduka mengine mawili tangu siku ile, na mara zote mwenye duka alikuwa akiiona skrini kila siku.

Nikafungua kamera ya mlangoni, dakika ileile ya 19:40. Kipande cha jua kimelala sakafuni, kuanzia kizingiti hadi kwenye mguu wa meza, picha ina rangi zake zote. Unguja jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, mwaka mzima. Saa mbili kasoro dakika ishirini ni giza totoro, na kamera zile gizani hutoa picha ya weusi na weupe. Ami alikuwa ametazama kamera ya ghalani peke yake. Ghala halina dirisha, taa huwaka mchana na usiku, na humo saa zote zinafanana.

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini mchana. Ami akafungua daftari la mauzo. Siku hiyo: doti ishirini, mteja wa Wete. Ami mwenyewe alipiga simu kutoka nyumbani alikokwenda kula, akamwambia kijana azipeleke Malindi haraka kwa sababu mteja anawahi boti. Alisoma ule mstari mara mbili, kisha akakaa juu ya jora na hakusema kitu kwa muda mrefu.

Nilinakili vipande vyote viwili, cha ghalani na cha mlangoni, kwenye flashi kabla sijagusa kitu kingine. Diski ikijaa huandika juu ya picha za zamani, na zilikuwa zimebaki saa chache ipite juu yake na kuvifuta.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo yaliyoamua kila tulichochagua baadaye. Ami aliniita nimtafutie kamera, na kamera zake hazikuwa na kasoro kubwa. Kasoro ilikuwa kwenye mashine inayorekodi. Hiyo ni shahidi. Shahidi huulizwa mambo mepesi: unakumbuka tangu lini, ilikuwa saa ngapi, ulikuwa macho muda wote, na unaweza kuyasema haya mbele ya wengine? Watu wengi wanaokuja kwangu huanza na idadi ya kamera na ukubwa wa picha. Mimi sasa huanza na swali la siku: hasara ikitokea leo, wewe utaijua lini?

Diski

Kwa ami jibu lilikuwa wazi. Akihesabu kila mwezi, mali iliyotoka siku ya kwanza ataijua siku ya thelathini. Ramadhani ikiingia katikati, ataijua siku ya arobaini na tano au zaidi. Basi mashine yoyote isiyokumbuka siku hamsini haimfai, hata ikiwa na picha za namna gani.

Hesabu yake si ngumu na kila mwenye duka anaweza kuifanya. Siku ina sekunde 86,400. Kamera inayotuma megabiti 1 kwa sekunde hutuma megabiti 86,400 kwa siku; gawanya kwa 8, ni megabaiti 10,800, yaani GB 10.8. Hiyo ndiyo namba ya kushika: kila megabiti moja kwa sekunde hula GB 10.8 za diski kwa siku moja.

Mashine ya zamani ilikuwa na kamera nne, kila moja megabiti 4, katika mtindo wa zamani wa kubana picha unaoitwa H.264, zinarekodi saa 24. Jumla megabiti 16, mara 10.8, ni karibu GB 173 kwa siku. Diski yake ilikuwa ya TB 1, yaani GB 1,000. Siku tano na saa kadhaa, kama alivyokuta. Aliyesema mwezi mzima hakuwahi kukaa na kalamu.

Mtindo mpya zaidi, H.265, hutoa picha ya ubora uleule kwa karibu nusu ya megabiti. Nilipanga kamera tano, kila moja megabiti 2, fremu 15, yaani picha moja moja zinazounda video, kwa sekunde badala ya 25. Watu huogopa kupunguza fremu. Fremu 15 zinaonesha mkono ukiingia mfukoni bila shida yoyote. Zinazidi zile zinazohitajika kumfuata mtu anayetembea dukani. Kamera tano kwa megabiti 2 ni megabiti 10, GB 108 kwa siku zikirekodi mfululizo. Diski ya TB 4 ingetupa siku 37. Hazitoshi.

Hapo palikuwa na njia mbili: diski ya TB 6, au kurekodi kwa akili zaidi. Tulichagua ya pili. Wakati duka liko wazi kamera zinarekodi mfululizo, bila kusubiri kuona mtikisiko. Likifungwa, zinarekodi pale tu kitu kinapotikisika, na mashine huongeza sekunde chache za kabla ya mtikisiko wenyewe. Duka huwa wazi saa kumi. Megabiti 10 kwa saa kumi ni GB 45. Ongeza paka na popo wa usiku, tuseme GB 50. TB 4 inatupa siku 80. Ramadhani, duka likiwa wazi saa kumi na tano, hesabu inakuwa kama GB 70 kwa siku, siku 57. Imetosha, hata katika mwezi mzito kuliko yote.

Sikubali kurekodi kwa mtikisiko mchana, ingawa kunaokoa nafasi. Mashine huamua yenyewe kipi ni mtikisiko, na mwendo mdogo pembeni ya picha unaweza kuupita. Mchana ndio wakati wa biashara na ndio wakati wa ugomvi wa chenji. Usiiache mashine ichague.

Diski yenyewe iwe ya kazi hii. Ya zamani ilikuwa ya kompyuta ya mezani, tena iliyokwisha kutumika. Diski ya kompyuta imetengenezwa kwa mtu anayefanya kazi mchana na kuizima. Hii inaandikwa usiku na mchana bila kupumzika. WD wana Purple, Seagate wana SkyHawk, zote za kazi ya kamera. Diski ilichukua karibu theluthi ya bajeti yote. Ami alinung'unika, nikamwambia kuwa hiyo ndiyo kumbukumbu anayoinunua. Zilizobaki ni macho tu.

Nyumba ya mawe

Kama mjuavyo, nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake unene wa nusu mita na zaidi. Hii iliondoa chaguo moja bila mjadala. Mtoto wa ami alikuwa na wazo la kamera za Wi-Fi, zisizo na waya, zenye kadi ndogo ndani. Nilichukua simu, nikasimama kando ya ruta mlangoni, kisha nikaingia ghalani na kupanda ngazi. Ghalani mawimbi yalikuwa hoi. Juu hayakuwepo kabisa. Ukuta wa namna hii hauombwi. Na hata pale yanapofika, kadi ya GB 128 kwa megabiti 2 hujaa kwa siku sita, na anayeing'oa kamera ameondoka na ushahidi wake.

Wazo lake la pili lilikuwa kuhifadhi kila kitu kwenye intaneti, ili hata mashine ikiibwa picha zibaki. Ni wazo zuri mahali penye waya wa kasi. Kwa kamera tano ni GB 108 za kupandisha kila siku, zaidi ya TB 3 kwa mwezi. Hakuna bando la simu litakalobeba hayo, na ruta ya ami inatumia laini ya simu. Tulilolichukua katika wazo hilo ni dogo: kamera ya mlangoni ikiona mtu duka likiwa limefungwa, hutuma picha moja kwenye simu ya ami na ya mwanawe. Picha moja haina uzito.

Zikabaki njia mbili za kweli. Moja ni kamera za mtandao, ambazo waya mmoja hubeba picha na umeme pamoja, hadi mita 100, na mashine yake huitwa NVR. Ni mfumo bora, na duka jipya lisilo na waya wowote nisingelishauri mwingine. Ya pili ni DVR, yenye waya wa duara kama ule wa antena ya televisheni, na waya mwingine wa umeme pembeni.

Duka la ami si jipya. Waya nne za duara zilikuwa tayari ndani ya kuta. Nyumba ni ya wakfu, yeye ni mpangaji. Kutoboa ni kuomba ruhusa. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na lolote linalogusa uso wa nje wa jengo linapaswa kupitia Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza. Nilizipima waya zile moja moja. Ndani zilikuwa nzima. Vichwa vyake vya BNC ndivyo vilivyoliwa na chumvi. Kimoja kilivunjika mkononi mwangu kama biskuti. Bahari iko hatua chache, kaskazi inavuma, na aliyefunga hakuvizungushia kitu.

Kwa hiyo tulinunua DVR ya mseto, inayopokea waya za zamani na pia kamera kadhaa za mtandao. Waya nne zikabaki ukutani, zikapata vichwa vipya vilivyofungwa kwa utepe wa mpira usioingiza maji. Kamera ya tano, ya ngazi ya kwenda juu, ikawa ya mtandao, na waya wake ulipita kwenye tundu la zamani la bomba bila kutoboa kitu. Ilikuwa ya kampuni nyingine. Mashine na kamera hiyo zote zinafuata ONVIF, kanuni ya pamoja iliyoanzishwa mwaka 2008 ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane, na zikaelewana siku ileile. Ningekuwa mfanyabiashara tu ningemuuzia NVR na kamera tano mpya. Fedha hizo zimekwenda kwenye diski na betri.

Kucha za mtu

Ami hakuisahau hoja yake ya kamera kubwa, na alistahili jibu la kweli.

Ili umtambue mtu usiyemjua, kipimo kinachotumika sana ni pikseli 250, yaani vidoti vinavyounda picha, kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kamera ya kawaida ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawanya kwa 250: inaweza kumtambulisha mtu katika eneo lenye upana wa mita saba na nusu hivi. Sasa itazame nyumba. Dari za Mji Mkongwe zimelala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliowaamulia wajenzi upana wa chumba. Duka la ami lina upana wa mita tatu, ghala vilevile. Kamera ya megapikseli 2 inamwona mtu humo kuliko inavyohitajika. Megapikseli 8 zingemlia diski kwa kitu asichokihitaji.

Lililohitaji kubadilishwa ni kamera ya mlangoni. Ilitazama nje moja kwa moja, na mchana kila aliyeingia alikuwa kivuli cheusi mbele ya mwanga. Tulinunua moja yenye uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na kivuli kwa pamoja, tukaishusha kutoka darini hadi urefu wa mita mbili na ushee, imtazame anayetoka badala ya anayeingia. Kamera iliyo juu sana huona kofia na mitandio. Mtu akitoka na kitu, uso wake unaelekea mlangoni.

Na kuna pale tulipokataa kuweka kamera. Nyuma ya pazia, akina mama hujaribu mitandio, na pembeni ya ghala kijana hutandika mswala wake. Nilisimama kwenye skrini huku mwana wa ami akipita kila pembe, tukazigeuza kamera mpaka sehemu hizo mbili zikatoka kabisa kwenye picha. Mlangoni kuna tangazo kwa Kiswahili na Kiingereza kuwa duka linarekodiwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, lakini kwetu heshima ya mwanamke nyuma ya pazia haikusubiri sheria.

Umeme

Wenyeji wa Unguja tunakumbuka Mei na Juni 2008, umeme ulipotoweka karibu mwezi mzima, na Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya giza, kwa sababu kisiwa kilitegemea waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka bara tangu 1980. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja 2013. Siku hizi tatizo letu ni la dakika na saa: unakatika, unarudi, unapanda, unashuka. Kila kukatika ghafla huipiga diski ikiwa katikati ya kuandika. Na gizani ndipo mashine isiyo na betri inapolala, saa ambayo mwenye nia mbaya yuko macho.

Mashine na kamera tano hutumia kama wati 35. UPS ndogo ya kompyuta, kifaa kinachoshika umeme unapokatika, ina betri ya volti 12, ampea-saa 7 (Ah), yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukiondoa kinachopotea njiani, ni saa moja na kitu. Ami alichukua betri ya sola ya Ah 100 na inveta ndogo. Ukitumia nusu ya betri tu, ili isife mapema, unapata saa 14 hivi, usiku mzima. Kati ya ukuta na inveta niliweka kidhibiti cha umeme unaopanda. Hapa ndipo ami hakubishana nami hata kidogo.

Funguo

Mashine ilifunguliwa kwa neno la siri la 12345, na simu ya fundi aliyekwisha kulipwa na kuondoka ilikuwa bado imeunganishwa. Alikuwa na uwezo wa kulitazama duka wakati wowote. Sidai kuwa alilitazama. Oktoba 2016 programu iliyoitwa Mirai ilizikamata kamera na mashine za kurekodia kwa maelfu duniani, kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, ikazitumia kuangusha tovuti kubwa za Marekani. Wenye vifaa wengi hawakujua kuwa vyao vilikuwamo.

Ami sasa ana neno refu la siri alilolitunga mwenyewe, limeandikwa kwenye karatasi ndani ya sanduku la hati za nyumba. Simu mbili tu zimeunganishwa. Mimi nimejitoa mbele yake. Saa imewekwa kwenye ukanda wa Nairobi, GMT+3, na kwenye kalenda ya ukutani kuna alama kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi: siku hiyo, adhana ya adhuhuri ikilia, mtu anaitazama skrini. Kisha anatafuta picha ya siku arobaini nyuma, ananakili dakika mbili kwenye flashi, na kuzifungua kwenye kompyuta ya duka la jirani. Baadhi ya mashine hutoa picha zinazofunguka kwa programu yao peke yao. Hii hutoa MP4, video ya kawaida inayofunguka karibu kwenye kompyuta yoyote, na hilo lilikuwa sharti langu dukani kabla ya kuuliza bei.

Doti 52 na majora mawili hayajulikani yalikwenda wapi. Diski ilikwishayapita. Huenda ziliuzwa usiku mmoja wa kumi la mwisho na daftari likasahauliwa. Huenda kuna aliyezichukua. Hesabu mbili zilizofuata hazikupungua kitu.

Wiki ileile niliyonakili vile vipande, ami aliniambia nimfuate kwa kijana, Jang'ombe. Aliomba radhi mbele ya mama yake, waziwazi, na akamwambia kazi yake ipo. Kijana akaitikia kwa adabu, akasema amekwisha kupata mahali Darajani. Aliomba kitu kimoja, ile picha, kwa sababu mtaani habari ilikuwa imemtangulia. Nilikuwa nayo kwenye kompyuta.

Mama yake alivaa miwani, akaitazama hadi mwisho. Kisha akauliza mbona imeandikwa 19:40. Nilianza kumweleza habari za China na saa tano. Hakunisikiliza. Alikuwa amekwisha kuweka kidole kwenye skrini, juu ya kile kipande cha jua kilicholala sakafuni.